Uchovu usioisha baada ya homa: wenzetu wanatafiti kwa pamoja, sisi wa kanda ya kati tunahesabiwa na nani?

Binti wa Nzuguni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa bailojia hapa Dodoma mjini, si daktari, kwa hiyo wataalamu wa humu mnirekebishe. Nina mdogo wangu alishikwa na homa, homa ikaisha, nguvu hazikurudi. Kila akipelekwa kupima ni taifodi na UTI, UTI na taifodi, anarudi na mfuko wa sipro. Mwisho wakamwambia ana mawazo. Jina la hospitali sitalitaja, haitasaidia kitu.

Katika kusomasoma nikakutana na ugonjwa unaoitwa ME/CFS, yaani uchovu sugu. Msiufananishe na uchovu wa kutoka shamba. Mgonjwa akijitahidi kidogo, hata kwa kazi ya kichwa tu, mara nyingi haanguki palepale. Anaanguka kesho yake au keshokutwa, na anaweza kulala wiki nzima. Usingizi haumpumzishi. Anasahau neno alilotaka kusema. Wengine wakisimama moyo unaenda mbio. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia machapisho zaidi ya 9,000, ikaweka vigezo vya kuutambua na kutaka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6. Walikadiria Wamarekani kati ya 836,000 na milioni 2.5 wanao. Wengi huanza baada ya maambukizi fulani.

Kilichonifanya nifungue uzi ni utafiti wa Uingereza unaoitwa DecodeME. Chuo Kikuu cha Edinburgh, chama cha wagonjwa Action for M.E. na wagonjwa wenyewe waliuendesha pamoja, serikali yao ikatoa pauni milioni 3.2. Mgonjwa alitumiwa kichupa nyumbani, akatema mate, akakirudisha kwa posta. Hata asiyeweza kutoka kitandani alishiriki. Agosti 2025 wakatoa majibu ya awali, kabla hayajapitiwa na wataalamu wengine: vinasaba vya wagonjwa 15,579 vililinganishwa na vya watu karibu 260,000 wasio na ugonjwa huo, yakapatikana maeneo 8 yanayotofautiana. Mengine yanagusa kinga ya mwili, mengine mfumo wa fahamu. Hicho si kipimo wala dawa, ila ukisikia tena mtu anasema "ni mawazo tu" una pa kuanzia kumjibu.

Sasa, hao 15,579 wote ni watu wenye asili ya Ulaya.

Sisi tuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, tuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kuna mdau anayejua kama yupo anayeufuatilia ugonjwa huu huku? Na kama hayupo, tungeanzia wapi?

Kijiti cha Mpunguzi

Siti ya mbele. Naweka kambi.

Jembe Halilali

Dada, huo ni ugonjwa wa watu wenye nafasi. Bibi yangu yuko Mvumi, analima uwele na karanga, hana muda wa kuugua uchovu. Vijana simu mpaka saa nane za usiku, asubuhi "nimechoka". Tuache kuiga magonjwa ya wazungu.

Binti wa Nzuguni

Jembe, shikamoo ya bibi uifikishe. Ila hilo la wazungu limeshapimwa. Mwaka 1999 timu ya Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul haikusubiri wagonjwa waje hospitali. Walipiga simu nyumba hadi nyumba mjini Chicago. Walikuta kama watu 42 katika kila 10,000, na kiwango kikubwa kilikuwa kwa wanawake, kwa weusi na Walatino, na kwa wenye elimu ndogo na kazi za hadhi ya chini. Picha ya kwamba ni ugonjwa wa matajiri ilitokana na kuhesabu wale tu waliokuwa na hela ya kumwona daktari bingwa. Mwaka 2007 ukachapishwa utafiti wa Nigeria ambao Jason naye alishiriki: huko ilikuwa asilimia 0.68.

Bibi yako ana nguvu, Mungu ampe zaidi. Lakini kama kuna jirani yake aliyeacha shamba baada ya homa, wanamwitaje kijijini?

Jembe Halilali

Wanasema amerogwa. Sawa, endelea.

Nesi Manyoni

Niseme ninachokiona mimi kwenye zahanati. Mama anakuja na mtoto mgongoni, anasema mwili hauna nguvu tangu masika yaliyopita. Nilivyonavyo ni kipimo cha malaria cha haraka, wingi wa damu, mkojo, VVU. Vyote safi. Naandika nini? Kwenye kitabu cha takwimu za kituo, MTUHA, anaingia "magonjwa mengine", mstari mmoja na aliyeng'atwa na kitu asichokijua. Mwisho wa mwezi namjumlisha, namtuma wilayani, na hapo ndipo anapotea. Kwa hiyo anayesema ugonjwa haupo kwa sababu takwimu hazipo, aje akae na mimi siku ya kufunga ripoti.

Lakini mwalimu, tusiruke hatua. Kabla mtu hajajiita ME/CFS, huku kwetu kuna orodha: upungufu wa damu, sukari, tezi la shingo, TB, VVU, kichocho, na kwa wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, brucella. Brucella inaumiza viungo na kuchosha miezi na miezi, na ina dawa. Mtu asikalie ugonjwa unaotibika akidhani ni ule usio na tiba.

Kuna kitu kimoja hakihitaji hela, mashine ya presha tu. Mlaze mgonjwa chali dakika 10, pima presha na mapigo. Kisha asimame, mgongo na mabega vimeegemea ukuta, visigino vimeachana na ukuta kidogo, asiongee, asichezeshe miguu. Pima kila dakika mpaka 10. Mtu mzima mapigo yakipanda 30 au zaidi na kubaki huko wakati presha haijashuka, hiyo ni alama ya kufuatilia. Awepo mtu wa kumdaka, maana wengine huzimia. Niliona dada mmoja miguu ikigeuka rangi ya bilinganya dakika ya sita. Huyo alikuwa ameshaambiwa anajiigiza.

Binti wa Nzuguni

Dada Nesi, asante sana. Brucella hatukuwahi kuambiwa. Tunakunywa maziwa ya kununua kwa vidumu, sijui yanachemshwaje huko yanakotoka. Nitampeleka.

Tiba Lishe Plus

Habari njema, ninayo lishe ya mimea inayomaliza uchovu sugu ndani ya siku 21, nicheki PM, tunatuma mikoa yote.

Maabara Usiku

Tiba Lishe, subiri nikupe kisa cha Norway. Madaktari wawili wa Bergen, Fluge na Mella, waliona mgonjwa wao wa uchovu sugu aliyepewa dawa za saratani akipata nafuu ya uchovu pia. Mwaka 2011 walichapisha jaribio la watu 30 la rituksimabu, dawa inayotumika pia kwa saratani, dunia nzima ikawaka. Wangeweza kufungua kliniki wakatajirika. Hawakufanya hivyo. Waliandaa jaribio kubwa, wagonjwa 151, karibu nusu dawa na waliobaki dripu isiyo na dawa, mgonjwa hajui kapewa nini wala daktari. Majibu ya 2019: hakuna tofauti. Wakayachapisha wenyewe. Sasa wewe na siku zako 21, ulilinganisha na nani?

Na kwa mwanzisha uzi. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, naomba niongee kuhusu hilo neno "kwa pamoja", maana watu huliona kama pambo la kuombea fedha.

Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha kwamba damu ya wagonjwa wengi wa uchovu sugu ina kirusi kiitwacho XMRV. Hofu ikatanda. Nchi kadhaa ziliwazuia wagonjwa hao kuchangia damu. Baadhi ya watu walianza kumeza dawa za VVU. Maabara nyingine zikatafuta kirusi hicho, hazikukiona. Wa kwanza wakajibu: hamjui kupima. Ugomvi wa namna hiyo unaweza kwenda miaka kumi.

Ndipo Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia akawakusanya wote, waliodai kukiona na waliokana. Wagonjwa 147 na wazima 146 kutoka vituo 6 walitolewa damu, kila tyubu ikapewa namba ya siri. Kila maabara ikapima kwa njia yake yenyewe, ile iliyokuwa inajivunia. Siri ilipofunguliwa mwaka 2012, hakuna aliyeweza kumtofautisha mgonjwa na mzima. Judy Mikovits aliyeongoza ule utafiti wa kwanza alikuwa ndani ya zoezi na akakubali matokeo. Kirusi chenyewe kilikuwa kimezaliwa maabara, kikachafua sampuli. Science walikuwa wameshaifuta makala hiyo Desemba 2011. Mimi nikisikia "utafiti wa pamoja", ndicho ninachokielewa: unamkabidhi mpinzani wako tyubu zilezile.

Sasa tuje Dodoma. Mate ni rahisi, yanakaa kwenye kichupa chenye dawa ya kuyahifadhi bila friji, yanapanda basi yakiwa salama. Kupima kinga ya mwili ndiyo kazi ngumu. Unachukua damu kwenye tyubu ya kizibo cha kijani, chembe hai zinatakiwa zitenganishwe kwa sentrifyuji siku hiyohiyo, kisha zihifadhiwe kwenye nitrojeni kimiminika. Plazima inataka friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika saa saba usiku, jenereta ikachelewa kuwaka na hakuna mtu, kesho una sampuli zinazoonekana nzima kabisa na hazifai. Hutajua mpaka uzipime, na ukizipima utapata tofauti kati ya wagonjwa na wazima ambayo ni tofauti ya friza. Hivyo ndivyo XMRV nyingine huzaliwa. Watu wa Chuo cha London cha Usafi na Tiba za Kitropiki wana hifadhi ya damu ya wagonjwa hawa tangu 2011, na walimfuata hadi nyumbani yule asiyeweza kutoka. Wanatumia utaratibu mmoja ulioandikwa kwa kila sampuli. Huo ndio ningeuiga kwanza, kabla ya mashine.

Na kupeleka sampuli nje ya nchi si kubeba tu kwenye begi. Kuna kibali cha maadili, kuna hati ya makubaliano ya kuzisafirisha inayopitia NIMR, na mtafiti mgeni anapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Watu hulalamika ni mlolongo. Mimi naupenda huo mlolongo.

Kijiti cha Mpunguzi

Maabara Usiku umenikosha. Kwa hiyo hata friza inaweza kudanganya.

Mwana wa Kongwa

Nami niongezee. Sisi Kongwa ni wenyeji wa utafiti. Watu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wameshughulika na vikope (trakoma, ugonjwa wa macho) kwetu tangu miaka ya 1980. Tukiwa wadogo tulipangwa mstari, kope zinafunuliwa, tunaangaliwa kwa miwani ya kukuza. Kuna jaribio la kunawisha watoto nyuso katika vijiji 6 lililochapishwa Lancet mwaka 1995, madaktari wanalisoma dunia nzima. Usafi wa uso leo ni moja ya nguzo nne za kupambana na vikope duniani. Kwa hiyo anayesema kijijini hakufanyiki sayansi kubwa, hajafika Kongwa.

Ila kuna mradi mwingine, siutaji, ulipita kijijini kwa mjomba. Walichukua damu, wakatoa sabuni mche mmoja, wakaondoka. Mpaka leo mjomba anauliza: damu yangu ilisemaje? Utafiti wa uchovu ukija kwa mtindo huo, watu watajificha. Mgonjwa aliyeshaitwa mvivu na mganga, na daktari, na shemeji zake, hawezi kukupa mkono wake mara ya pili.

Mtulia wa Leicester

Salamu kutoka ubaridini. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa na ni mgonjwa, nimeugua tangu nilipokuwa nasoma huku. Nilijaza dodoso la DecodeME. Mate yangu yalikwenda. Halafu ikaja hiyo Agosti nikasoma kwamba uchambuzi mkuu ni wa wenye asili ya Ulaya, kwa sababu sisi wengine tulikuwa wachache mno kuweza kutoa jibu la kuaminika. Kitakwimu wako sahihi. Vinasaba vya watu wa asili tofauti ukivichanganya ovyo unaweza kuokota tofauti ya asili ukadhani ni tofauti ya ugonjwa. Nakubali, na bado iliniuma.

Ila jambo moja lilinifurahisha. Maswali yale yaliandikwa na watu wanaoujua ugonjwa kwa mwili wao. Ulikuwa unaweza kujaza kidogo, ukalala, ukarudi kesho. Hakuna aliyesema "njoo kituoni saa mbili asubuhi". Mkifanya chochote Dodoma, msimwite mgonjwa mahututi apande bodaboda, akae benchi tangu asubuhi, halafu mseme hawakujitokeza.

Takwimu na Zabibu

Nimesoma uzi wote toka juu. Nafanya uchambuzi wa data za afya, naomba nijibu swali la mwalimu: tungeanzia wapi.

Tusianze na vinasaba. DecodeME ilihitaji maelfu kwa maelfu ya watu walioshapewa jina la ugonjwa na daktari. Sisi hao hatunao, kama Nesi alivyosema wako kwenye "magonjwa mengine". Tuanze na homa.

Kuna mji Australia unaitwa Dubbo, mji wa mashamba na mifugo. Watafiti waliwachukua watu 253 wakiwa ndiyo kwanza wameugua, wengine homa ya tezi, wengine virusi vya Ross River, wengine homa ya Q inayotoka kwa mifugo. Wakawafuatilia. Baada ya miezi 6, kama 12 katika kila 100 walikuwa bado wamekwisha nguvu, na kiwango hakikutofautiana sana kati ya vimelea hivyo vitatu. Kilichotabiri nani atabaki mgonjwa kilikuwa ukali wa homa ya mwanzo. Tabia na historia ya msongo wa mawazo havikutabiri. Ilichapishwa 2006.

Sasa weka hiyo pembeni ya utafiti wa Moshi uliochapishwa 2013, watu wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Marekani na New Zealand. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waliokuwa wameandikiwa malaria ni asilimia 60.7. Waliokuwa na malaria kweli ni asilimia 1.6. Wengine walikuwa na nini? Homa ya Q imo. Leptospira (homa ya mgunda) imo. Brucella imo. Chikungunya imo, ambayo dunia iliijua mara ya kwanza kutoka kwa Wamakonde, mlipuko wa 1952 na 1953.

Mnaona ninakoelekea. Homa zile zilizoacha watu wa Dubbo kitandani, ndugu zake ziko hapahapa, na sisi kanda ya kati ni wafugaji kuliko Moshi. Tunachokosa ni mtu wa kumpigia simu mgonjwa mwezi wa sita. Anaruhusiwa, tunamsahau. Utafiti wowote wa homa unaofanyika nchini una majina, una namba za simu, una damu ya siku ya kwanza iliyokwisha kupimwa. Ongeza simu mbili, mwezi wa tatu na wa sita, kwa ridhaa yake. Ambaye bado hajainuka, mfuate nyumbani, Nesi amsimamishe ukutani, apimwe hiyo orodha yote. Hapo una kundi linaloeleweka lilianzaje. Mwenye kundi hilo ndiye ambaye Edinburgh au London watataka kushirikiana naye, na tutakaa mezani tukiwa na kitu mkononi.

Jembe Halilali

Hela nani atatoa? Wajawazito bado wanakosa gari la wagonjwa, wewe unataka kuwapigia simu waliopona homa.

Takwimu na Zabibu

Mkuu swali lako ni la haki. Ndiyo maana nasema kupandia mradi uliopo, siyo kuanzisha mpya. Na hawajapona, ndiyo hoja. Mtu asiyelima misimu miwili anaigharimu familia kuliko simu mbili.

Ugumu mkubwa kwangu ni maswali. Dodoso maarufu la afya, SF-36, linakuuliza kama afya yako inakuzuia kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu. Lilishatafsiriwa Kiswahili kwa ajili ya Tanzania miaka ya 1990, lakini mizani ya kazi za mkulima wa Bahi inatakiwa ijengwe upya kutoka chini. Na alama zake zinaweza kuchezewa. Kuna jaribio kubwa la Uingereza liitwalo PACE, wagonjwa 641, 2011, lililodai mazoezi ya kuongeza taratibu yanasaidia. Kwenye dodoso hilohilo, aliyepata alama 65 alihesabika mgonjwa wa kutosha kuingia kwenye jaribio, na aliyetoka na 60 angeweza kuhesabika amerudi kawaida. Yaani mtu anazorota huku anafuzu. Wagonjwa wenyewe ndio waliolipigia kelele, mmoja akadai data, suala likafika hadi kwenye baraza la rufaa, zikatolewa 2016. Mwaka 2021 mwongozo wa tiba wa Uingereza ukaacha kupendekeza mazoezi ya namna hiyo. Kwa hiyo maswali tuyaandike na wagonjwa tangu mstari wa kwanza.

Nesi Manyoni

Basi tuyaandike hapahapa. Badala ya gofu: unaweza kubeba ndoo ya maji kichwani kutoka bombani hadi nyumbani bila kutua? Kutwanga? Kukaa ibada nzima? Kuosha nywele mikono ikiwa juu?

Mwana wa Kongwa

Ndoo ya lita ngapi? Kuna ya 10 na ya 20.

Nesi Manyoni

Ziulizwe zote mbili.

Binti wa Nzuguni

Nakusanya. Mtulia, nikikutumia rasimu utaipitia kwa mwendo wako? Natafuta pia mtu wa Kigogo fasaha, na mwingine wa Kirangi au Kinyaturu, maana wazee wengi Kiswahili cha dodoso hakiwakai.

Mtulia wa Leicester

Tuma. Kirangi niachie mimi.

Jembe Halilali

Mmesahau palizi. Mtu anapalilia mistari mingapi kabla hajakaa chini.

Takwimu na Zabibu

Imeingia, namba 7.

Mtulia wa Leicester

Namba 7 isiishie hapo. Aulizwe na siku mbili baada ya kupalilia alikuwaje. Siku yenyewe ya shamba, hata mimi ningewaambia naweza.